Alama Tatu kwa Kumi

Kaka yangu Elphas Kaburu ni mchambuzi wa mafumbo ya gazetini. Naomba usicheke bado, kuna mengi ya kuchekea mbele. Wastaafu wengine hujaza fumbo wakanywa chai yao wakaenda kulala. Elphas hulijaza, halafu huketi akaliandikia hukumu, akalipa alama kwa kumi, akaituma hukumu hiyo kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Mlalo na Wima. Kundi hilo lina watu wengi kuliko kwaya ya kanisa letu, na wote wanajiona waimbaji wa sauti ya kwanza.

Fumbo lenyewe ni lile gumu la Kiingereza la gazeti la Jumamosi, ambalo kila kidokezo kinasema jambo moja na kutaka jingine. Linatungwa huko Uingereza na kuletwa kwetu jinsi lilivyo, pamoja na mito yao, vituo vyao vya reli na wachezaji wao wa kriketi waliokufa zamani. Hapa Githongo, mahali ambapo watu wana kahawa ya kupalilia, kuna wanaume wazima wanaoweza kukutajia kijito cha Uingereza chenye herufi tatu lakini hawajui bomba la maji la shamba lao limepasukia wapi. Elphas ndiye kiongozi wao. Alikuwa karani wa mahakama mjini Meru mpaka alipostaafu, na nadhani kule kuandika hukumu za watu wengine maisha yake yote kulimwachia kiu ya kutoa za kwake.

Gazeti lenyewe hawanunui, Mungu apishe mbali. Gatakaa, mama anayeuza magazeti karibu na agroveti yangu, duka la mbegu na dawa za mifugo, ana ruhusa ya kurudisha nakala zisizouzwa mradi ziwe safi. Kwa hiyo wazee hawa wamebuni utaratibu wao. Wanatandaza juu ya fumbo ile plastiki nyepesi inayoonyesha, ya kufunikia vitabu vya shule, na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Wakimaliza wanaipangusa kwa mate na kiwiko cha sweta, Gatakaa ananunuliwa chai na mandazi, na gazeti linarudi Nairobi likiwa halina hata alama ya kidole. Bila shaka huko makao makuu wanaamini kwamba Githongo hakuna anayejua kusoma.

Hukumu zake, nakiri, zina ladha. "Kidokezo cha tisa kimetungwa na mtu aliyekosana na mkewe asubuhi. Alama nne." Au: "Mtunzi wa leo anajificha kama mtoto nyuma ya pazia huku miguu yote miwili iko nje. Tano, na moja ni ya huruma." Watu wanazisambaza mpaka Kianjai na Chuka. Ningemwachia starehe yake lau ingebaki gazetini. Lakini tulipomzika mzee Kailemia, Elphas aliinuka makaburini akasema wasifu wa marehemu una marudio mengi na akaupa sita. Mchungaji wetu naye aliwahi kuambiwa mlangoni mwa kanisa, mbele ya mkewe, kwamba mahubiri yake yalikuwa na vidokezo vizuri ila jibu halikupatikana.

Huyo ndiye mtu ambaye mwanangu alimhitaji ili aoe.

Mwanangu anaitwa Mukiri. Ni wa pekee, ni fundi wa friji, na si mtu wa maneno mengi. Aliitwa Ishiara, kule kwa Wambeere, kutengeneza friji ya chanjo katika zahanati moja, na friji ile ikaendelea kuharibika kwa namna ya ajabu mpaka nikamuuliza kama anaitengeneza au anaichumbia. Ndipo akanitajia Wanjira, muuguzi wa pale. Alipomleta nyumbani nilimpenda kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. Alinisaidia kuosha vyombo bila kuvipanga upya kwa ajili ya kunionyesha, na mwenye mkwe ataelewa uzito wa jambo hilo.

Baba yake Mukiri alifariki wakati mwanangu akiwa bado shuleni. Kwetu, baba akikosekana, mjomba ndiye mdomo wa kijana anapoenda kuposa. Na mjomba aliyepo ni mmoja tu. Kwa upande wa pili, tulisikia kwamba mzee Nyamu, baba yake Wanjira, si mtu wa mchezo. Watu wa Runyenjes waliwahi kwenda kwake wakamtaka binti huyohuyo. Msemaji wao akajibu ovyo, wakapewa chakula kizuri, wakatakiwa safari njema, na habari yao ikaishia hapo.

"Mum," Mukiri aliniambia wiki moja kabla ya safari, "hawa watu wakitukataa, mimi sioi."

"Si utapata mwingine?"

"Sitafuti mwingine."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama anayeniambia friji imeungua kompresa na haitengenezeki. Nilikosa usingizi. Nilimwona mwanangu akizeeka peke yake katika nyumba yangu, akila ugali baridi, kwa sababu mjomba wake alimpa mzee wa watu alama nne kwa kumi.

Kwa hiyo nilimwita Elphas nikamwapisha juu ya Biblia ya marehemu mama yetu.

"Hutachambua kitu," nilimwambia. "Wakisema, wewe sema 'tumesikia, tumeshukuru.' Basi."

"Wale wazee wa Mbeere wanaongea kwa mafumbo, Nkirote. Ni kazi yangu hiyo."

"Kazi yako ni kushukuru."

"Na wakisema fumbo bovu kabisa?"

"Unashukuru kabisa."

Alitazama Biblia, akanitazama mimi. "Hata kimoyomoyo nisitoe alama?"

"Kimoyomoyo toa. Lakini mdomo ukifunguka, Elphas, utajitafutia dada mwingine."

Akaapa shingo upande.

Siku ya safari tulikodi gari, tukaondoka kwenye baridi yetu, tukapita Chuka, tukateremka mpaka kwenye joto ambapo masweta yote yalivuliwa na heshima ikabaki kushikiliwa na koti la Elphas peke yake. Tulikuwa na mbuzi, asali, na mzee Kiunga, jirani yetu, ambaye alikuja kwa sababu hakuna sherehe ambayo Kiunga haji. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania tubebe kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya migomba. Nilimweleza kwamba tunakwenda kwa watu wa muguka, yale majani laini ya kutafuna, ambao wanaiona miraa yetu kuwa ni kuni. Akaniambia mila ni mila. Mwenyeji aliyekipokea kitita kile alikishika kwa ncha za vidole akakiweka chini ya meza.

Mzee Nyamu alikuwa mtu mkubwa wa mwili, amevaa miwani myeusi, ameketi kwenye kiti cha mikono na wala hakuinuka. Alinyoosha mkono mbele akauacha hapohapo hewani, na sisi tukapita mmoja mmoja tukiushika. Nikasema moyoni, haya, huyu naye ni chifu. Kando yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda ubao wa miraba midogo iliyochongwa kwa kisu, na njahi, yale maharagwe meusi, zimewekwa katika baadhi ya miraba. Nilidhani ni mchezo wa wazee wa huko. Hata nilifurahi, nikajua ana kitu cha kumpumzisha roho.

Tukaomba, tukanywa chai, tukasifu ndengu zao na wao wakatuhurumia kwa baridi yetu. Halafu msemaji wao akasimama ili aanze. Mzee Nyamu akamgonga goti.

"Kaa. Leo nitasema mwenyewe."

Watu wake wakatazamana. Mimi nikamtazama Elphas, na Elphas akatazama viatu vyake kama mtu mwenye kiapo.

"Mimi niko na shamba ndogo," mzee Nyamu akaanza polepole, kila neno akiliweka mahali pake. "Hiyo shamba inanyeshewa Jumamosi peke yake. Siku zingine zote ni jua. Na ile wingu huleta hiyo mvua imetoka kwa hii nyumba. Sasa nimesikia watu wamekuja kutoka mlimani, kwa watu wenye mawingu mengi, na wanataka hii moja yangu. Nauliza: nitalima na nini?"

Akainamisha mwili mbele, uso ameuelekeza upande ambako sauti ya Elphas ilikuwa imesikika wakati wa chai, na akangoja. Alingoja kweli. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo.

Elphas alikuwa anatokwa na jasho. Nilimwona akimeza kitu kikubwa, nadhani ilikuwa ni aya nzima. Kisha akasema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Tumesikia. Tumeshukuru."

Nilijivunia kazi yangu kama mtu aliyemfunga fahali kwa uzi.

Lakini Kiunga hakuwa ameapa. "Wazee," akasema akiinuka, "hiyo ni rahisi! Shamba, mvua, wingu. Huku ni kukavu. Mzee anataka tangi ya maji. Tutaleta tangi, ile kubwa nyeusi ya plastiki, na gutters tutaweka sisi wenyewe."

Upande wetu wakapiga makofi. Upande wao baadhi wakatikisa vichwa, maana tangi ni tangi. Mzee Nyamu hakugeuka hata kumwelekea Kiunga.

"Kaburu wa Githongo," akasema. "Hiyo tu ndiyo uko nayo ya kuniambia?"

Elphas alinitazama. Nikamkodolea macho.

"Tumeshukuru sana," akaongeza.

Mzee akaegemea kiti chake. Uso ulizimika. "Sawa," akasema. "Mama Wanjira, pakulieni wageni. Wale mapema, barabara ni mbaya."

Ilikuwa bado asubuhi, na barabara ni lami tupu. Kila mtu pale alijua maana yake. Ndivyo walivyoambiwa watu wa Runyenjes. Nilimtafuta mwanangu kwa macho nikamwona ameketi wima, mikono juu ya magoti, anaangalia ukuta. Nilitamani kulia, na nilitamani kumpiga mtu, na nilishindwa kuchagua nimpige nani maana aliyekosa alikuwa ametii neno langu hadi nukta ya mwisho.

Wanjira alinikamata mlangoni mwa jikoni akanivuta ndani kwenye moshi.

"Mum, uncle anaumwa?"

"Haumwi. Kwa nini?"

"Mbona amenyamaza hivyo? Haki ya Mungu, dadi ameitunga hiyo fumbo karibu mwezi mzima. Hata mimi amekataa kuniambia maana yake. Amesema ni ya uncle."

"Ya uncle gani?"

"Uncle Elphas! Mukiri hunitumia zile reviews, na mimi humsomea dadi kila Jumapili tukitoka kanisani. Anacheka mpaka anashika kifua. Aliniambia, 'Siku huyo mtu atakuja hapa, nitampa yangu aichape.' Akanikataza kuwaambia, alitaka iwe surprise." Alijifuta uso kwa leso. "Sasa anaona fumbo yake haikufaa hata kutukanwa."

Sikusimama kuuliza kwa nini mtu mzima aliyesoma asomewe na bintiye. Kichwani mwangu palikuwa na jambo moja tu: kwamba katika nchi nzima hii, yenye watu wote wanaomkimbia kaka yangu, nilikuwa nimempata mmoja anayetamani kuchapwa naye, na nikamziba kaka mdomo kwa Biblia.

Nilimkuta Elphas nje kando ya gari, ameketi juu ya jiwe karibu na mbuzi wetu, ambaye alikuwa hajapokelewa rasmi na alionekana kulijua hilo.

"Elphas," nikasema baada ya kumweleza yote ya jikoni, "nenda ukachambue."

"Niliapa."

"Nimekufungua."

"Niliapa juu ya Biblia ya mama. Wewe ni nani wa kunifungua?"

"Mimi ni dada yako, na mwanangu atakufa bila mke. Inuka!"

Hakuinuka. Alimkuna mbuzi nyuma ya sikio. Niliiona furaha ikimpanda usoni kidogo kidogo, ile furaha ya mtu ambaye maisha yote ameambiwa anyamaze na sasa anabembelezwa aseme. "Sema tena," akaniambia. "Sema unachotaka nifanye."

"Nataka uchambue."

"Kwa ukali wangu wa kawaida?"

"Kwa ukali wako wote," nikasema, na Mungu ananisikia, machozi yalikuwa yananitoka.

Alipoyaona machozi aliacha mchezo. Akafunga kifungo cha koti.

Ndani walikuwa wameanza kupanga sahani. Elphas akasimama katikati ya chumba, akakohoa kikohozi kile cha mahakamani, na watu wakamgeukia wakiwa na vijiko mikononi.

"Mzee Nyamu," akasema, "nimelitafakari fumbo lako. Sikutaka kulihukumu kwa haraka."

Uongo mtupu, lakini wa heshima. Mzee aliinua kichwa.

"Nianze na mazuri, maana ni machache. Lina mwanzo mzuri. Shamba dogo, mvua ya siku moja. Mtu anaona picha. Pia limesemwa bila kupapasa, na kwa hilo natoa alama mbili. Kisha matatizo. Mvua inayochagua Jumamosi, hapa Ishiara, ambapo nasikia haichagui hata mwezi! Huo ni ujasiri. Natoa moja kwa ujasiri."

Mtu mmoja wa upande wao alicheka akajizuia. Kiunga alijifunika uso.

"Zimebaki saba, na zote nazichukua," Elphas akaendelea, na sasa mkono ulikuwa mgongoni. "Sababu ni hii. Hawa wenzangu wamesema tangi. Si tangi. Mtu anayetaka tangi anasema tangi, hakuna aibu kwenye tangi. Mimi jibu sijalipata, na nasema mbele ya watu wote kwamba si kwa ujinga wangu. Mtunzi mzuri huficha jibu ili ulitafute. Wewe umelificha ili tusilipate. Unataka kitu, mzee, unakitaka sana, na unaona haya kukitaja. Fumbo hili linaogopa jibu lake. Alama tatu kwa kumi."

Nilisikia sufuria ikichemka jikoni. Nilimsikia Mama Wanjira akiomba chini ya pumzi kwa Kimbeere. Mukiri alikuwa ameacha kuangalia ukuta na sasa anamwangalia mjomba wake, na sikuweza kusoma kama ni kwa shukrani au kwa kutafuta pa kumkaba.

Mzee Nyamu alitoa miwani yake. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, yote mawili. Aliyapangusa kwa kiganja, bila haraka, mbele yetu sote.

"Tatu," akasema. "Nilikuwa nimejipatia saba."

"Saba!" Elphas akasema. Nikamfinya paja, maana nilikuwa nimesogea karibu naye kwa usalama wa taifa.

"Sioni," mzee akasema. "Hapo mlango, naona mwanga. Hapo ulipo wewe, naona kitu nyeusi inasimama. Gazeti sioni. Huyu mtoto hununua gazeti hapo sokoni Jumamosi akitoka kazi, ananisomea crossword. Mimi nashika hii ubao. Hizi njahi ni zile square nyeusi, yeye ndiye hunipangia. Nafikiria, napata moja, nakosa moja, tunagombana. Hiyo ndiyo mvua. Wiki ingine yote mimi nakaa hapa nasikiza kuku." "Kijana ni mzuri. Sina shida na kijana. Lakini mkienda na Wanjira, nani atanisomea?"

Wanjira alikuwa amesimama mlangoni na sahani. "Dadi," akasema, "si ungeniambia tu?"

"Ningekwambia usiolewe? Baba gani anasema hivyo?"

Hapo ndipo nilipoelewa mkono ule uliongoja hewani, niliouita wa kichifu. Nilimtazama Elphas nikitegemea neno, hukumu, nyongeza ya nusu alama. Alikuwa amesimama mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nilimwona kaka yangu akiona haya. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya mzee, magoti yakikaribia kugusana.

"Unaanza na mlalo ama wima?" akauliza.

"Wima. Mlalo ni ya wavivu."

"Mimi naanza na mlalo."

"Nilijua. Inaonekana kwa reviews zako."

Elphas aliimeza ile. Aliimeza! "Nitakupigia simu Jumamosi," akasema. "Gazeti likifika kwetu, nitakusomea."

"Wewe?" Mzee akakunja uso. "Sauti yako ni kama ya karani."

"Nilikuwa karani."

"Na usinitajie jibu. Huyu mtoto huwa ananionea huruma ananipatia herufi. Sitaki huruma."

"Mzee," Elphas akasema, "umewahi kunisikia nikimhurumia mtu?"

Mzee Nyamu akacheka mpaka akashika kifua, kama tulivyokuwa tumeambiwa. Akanyoosha mkono, na safari hii Elphas aliukamata upesi. Mbuzi wetu akapokelewa. Kitita cha miraa kikatolewa chini ya meza, na wazee wa muguka wakaionja kwa subira ya watu wanaopimwa malaria. Kiunga akauliza kama tangi bado linahitajika, na Mama Wanjira, aliyekuwa kimya siku nzima, akasema ndiyo, tena na zile gutters.

Harusi ilifanyika, sitakuchosha nayo. Elphas aliipa nane na familia ikaona ni baraka. Wanjira alipata kazi katika zahanati ya huku kwetu, na sasa vyombo vyangu vinaoshwa na watu wawili wanaocheka.

Jumamosi ya kwanza baada ya harusi Elphas alikuja nyumbani kwangu na gazeti la Gatakaa kwapani, plastiki yake mkononi. Kwake, alisema, mtandao si mzuri, ingawa tunaishi kwenye kilima kimoja. Akaketi sebuleni, akaweka simu kwenye spika, na kelele zikaanza. Kule Ishiara Mama Wanjira ndiye aliyepewa kazi ya njahi.

"Mstari wa tatu, mama, weka ya pili na ya sita. Ya sita! Mzee, mwambie si ya saba."

"Mimi nimeweka ya sita kitambo," ikajibu sauti ya Mama Wanjira. "Nyinyi soma."

Wakaenda hivyo, mmoja akisoma, mwingine akinung'unika, wakigombana kuhusu mtunzi ambaye wote wawili walimwona ni mpumbavu. Halafu wakakwama. Kilikuwa kidokezo cha wima, kuhusu ndege fulani wa Uingereza ambaye hapa kwetu hajawahi kumlia mtu mahindi. Tulimsikia mzee akigusa ubao, tap, tap, akihesabu miraba kwa kidole. Wanjira alikuwa jikoni nami anamenya viazi. Alisimamisha kisu akasikiliza, na nilijua moyo wake uko kule kwenye kigoda.

"Mpelekee mjomba wako chai," nikamwambia.

Nikamfuata na sukari, maana mimi pia nina macho. Elphas alikuwa ameinamia gazeti. Plastiki ilikuwa imetandazwa juu ya fumbo, na fumbo lote lilikuwa limejaa. Lote, mlalo na wima, mpaka pembeni, kwa wino wake mzito uliokwisha kukauka. Alikuwa amelimaliza zamani, kwa Gatakaa, kabla hata hajapanda kilima. Yule ndege wa Uingereza alikuwa hapo, ameandikwa kwa herufi kubwa.

Wanjira alisimama na kikombe. Elphas akainua macho akatuona tunaona. Akaweka kiganja juu ya plastiki, polepole, akamfunika ndege yule. Kisha akaikaribia simu.

"Hapana, mzee," akasema, "hata mimi hapo sina kitu. Hebu nirudie herufi ulizonazo, tuanze upya."